Nilimwita Mbuzi, Ikashuka Ngome Nzima

Kwa Bibi Mulayka binti Habib, Basra, nyumba iliyo nyuma ya soko la ngozi.

Bibi Mulayka mpendwa, naomba msaada wako, na naomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana hapa kambini wamekwisha kunicheka wote na jambo lenyewe si la kuchekesha, lina roho za watu mia moja na sitini ndani yake, nami nimejikuta nimezishika mikononi kama mtu aliyeambiwa nishikie mtoto nakuja sasa hivi, na mama mtu harudi.

Mimi ni Lubaba binti Mirdas, mke wa Hujayr bin Salit, tuko na jeshi la Basra huku milimani Uajemi, tumeizingira ngome ya Narsabad mwezi wa tatu huu, wao hawashuki na sisi hatupandi. Wanawake kambini tunapika na kufunga majeraha, na mimi juu ya hayo nina mbuzi wangu jike mwenye watoto pacha, jina lake Malkia, na jina hilo ndilo lililoniponza. Nilimpa kwa kiburi chake, hanywi maji walipokunywa mbuzi wenzake, na ukimkamua anakutazama kama wewe ndiye unayedaiwa shukrani.

Basi Jumatano moja adhuhuri, jua linachoma, wao juu ya ukuta wanasinzia na sisi chini tunasinzia, Malkia akakata kamba, akapanda jabali na wanawe nyuma yake mpaka chini kabisa ya ukuta wa ngome, akaanza kula kichaka. Nami nikajua wale wa juu, ambao walikwisha kula punda wao wote, wakimwona tu watamtupia kitanzi na habari yake itakuwa imekwisha. Nikatoka mbio bila viatu. Nikasimama chini ya jabali nikapaza sauti, na mimi Bibi nina sauti, marehemu baba alikuwa akisema huyu mtoto hahitaji tarishi, nikasema maneno ambayo tangu siku ile nimeulizwa mara arobaini kwa hiyo nayajua kwa moyo: "Malkia! Shuka! Shuka wewe na wanao! Wallahi hakuna atakayekugusa! Usiogope, njoo unywe maji!"

Sasa mimi nilijuaje kwamba mwenye ngome ile ni mwanamke? Nilijuaje kwamba ni mjane wa bwana wa bonde, Bibi Azarmi, ana wana wawili, na watu wake kwa lugha yao wanamwita malkia? Na kule juu kuna mtu anaitwa Shaburi, muuza chumvi, ambaye zamani alikuwa akileta chumvi yake Hira, mji wa Waarabu, akaokota Kiarabu cha sokoni, naye ndiye aliyekuwa zamu ukutani, akaisikia sauti, akakurupuka, akaenda kumwamsha Bibi Azarmi: "Waarabu wanakuita ushuke na wanao, wameapa kwa Mungu wao hawatakugusa, na maji yapo!"

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemshika Malkia pembe, nikasikia lango la ngome linalia kwa kutu. (Mwandishi wangu, mwalimu Nufayl anayefundisha watu kusoma Kurani hapa kambini, ananiambia nivute pumzi. Nimevuta.) Wakatoka, Bibi Mulayka. Kwanza yule mama mwenyewe na wanawe, kisha watu wamebeba vitanda, wamebeba majungu, mzee wao wa dini kakumbatia chetezo chake cha moto anakipulizia usizimike, na mwanamke mmoja ana kuku kwapani, sijui alimfichaje miezi mitatu asiliwe. Nikaogopa nikakimbia. Wao wakadhani nawaongoza njia. Nikazidi mbio, nao wakazidi mbio, hivyo hivyo mpaka mlangoni kwa hema langu, wakakaa chini wote, wananitazama.

Bibi Azarmi akanishika mkono akasema maneno, Shaburi akatafsiri: "Anauliza, ni kweli hatuguswi?" Na mimi nina mbuzi kwapani, jasho linanitiririka, katoto kamoja kameshika gauni langu, midomo yao imepasuka kwa kiu wote, nikasema, "Ndiyo, mama, ndiyo. Kaeni. Kunyweni maji." Ningesema nini? Nikafungua viriba vyote viwili.

Kambi nzima bado imelala! Mpaka kuku alipowika, maana kumbe alikuwa jogoo, ndipo amiri wetu Jarwal bin Hazm akatoka hemani na kiatu kimoja mguuni.

"Nani hawa?"

"Wageni, amiri."

"Wageni wa nani?"

"Wangu."

"Wametoka wapi?"

Nikanyoosha kidole juu, kwenye ngome. Lango wazi, halina mtu. Amiri akatazama juu, akatazama chini, akatazama juu tena, akakaa chini pale pale mchangani akavaa kiatu chake cha pili polepole, kama mtu anayetafuta la kufanya.

Toka hapo Bibi sijapata raha. Wapiganaji wanasema ngome imeanguka kwa hiyo watu ni mateka na mali ni ngawira. Shaburi anasema wameapiwa amani. Amiri anasema, "Aliapiwa mbuzi!" Fundi Kurayb, aliyetumia siku arobaini kujenga manjaniki, ule mtambo wa kurushia mawe, na alikuwa aujaribu Alhamisi, alikuja kwangu macho mekundu: "Mama, waambie warudi ndani siku moja tu. Jiwe moja. Nitalenga pembeni, hata kuku halitamgusa." Hujayr mume wangu ndiye mbaya zaidi, maana alikwisha kuwagawia rafiki zake ngawira ambayo hajaipata, huyu zulia, yule birika la shaba, sasa wanamdai. Kila nikimwekea chakula anasema, "Mimi nina upanga na mke wangu ana mbuzi, tazama nani kaiteka ngome."

Jana kanikalisha chini akaongea kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha. "Binti Mirdas, mimi sikuambii useme uongo. Amiri ameandika kwa liwali wa Basra. Jibu likija utasimamishwa mbele ya watu uulizwe: uliwaita watu au ulimwita mbuzi? Jibu kweli tu. Mbuzi. Neno moja. Kusema kweli kuna dhambi gani?" Na rafiki yangu Mama Nuwayra ananiambia kinyume: "Sema uliwaita watu! Mbuzi hatakuja kutoa ushahidi." Lakini Bibi, nitaapa. Kiapo cha uongo mimi siwezi. Na kweli nayo siwezi, maana Bibi Azarmi sasa hivi amekaa ananionyesha namna ya kutia vitunguu kwenye siki, analalamika kwa ishara kwamba unga wetu wa shayiri una mchanga, na nikisema neno moja la kweli wanaume wa watu hawa watakwenda upangani na yeye atafungwa kamba.

Na liko jingine, hili sijamwambia mtu, mwalimu Nufayl kalisikia sasa hivi naye ameapa kulimeza. Juma la kwanza shemeji yangu Wahb, mdogo wake Hujayr, alipigwa mshale wa shingo akafa kwa homa siku tatu baadaye mikononi mwangu. Kati ya hawa wageni yuko mshona viatu mmoja mfupi, Burzini, mtu wa makamo, kila asubuhi anafagia mlangoni pangu bila kuombwa. Juzi alimwambia Shaburi anitafsirie: siku ya nne ya kuzingirwa alimpiga mshale mtu mwenye kilemba chekundu, anajiuliza kama alipona. Wahb ndiye peke yake aliyekuwa na kilemba chekundu. Nikamjibu sijui. Na mama yake Wahb, mama mkwe wangu, yuko hema la tatu kutoka langu, hali chakula, anasubiri tu amiri aseme hawa si watu wa amani. Na mimi usiku ule Wahb alipokufa niliwaombea hawa wote maangamizi, kwa majina mabaya, kwa sauti.

Sasa nikisema kweli naua, nikisema uongo naapa uongo, nikinyamaza atasema nani badala yangu? Nifanye nini, Bibi Mulayka? Anayeleta barua hii ni yule yule mpanda ngamia anayepeleka barua ya amiri kwa liwali, kwa hiyo tafadhali mpe maji na unijibu mapema.

Ni mimi mwanao, Lubaba.


JIBU LA BIBI MULAYKA

Lubaba, nimecheka. Nilijitahidi mpaka kwenye mzee wa chetezo, kwa kuku nikashindwa. Sasa nimemaliza, kaa vizuri unisikilize.

Kwanza nikugombeze, maana hilo naona hakuna aliyelifanya. Mwanamke mzima unatoka bila viatu kwenda kusimama chini ya ukuta wa watu mnaopigana nao, kwa ajili ya mbuzi? Ungepigwa jiwe la kichwa, leo Hujayr angekuwa na mbuzi watatu na hana mke. Usirudie. Nunua kamba nene.

Sasa tuje kwenye kiapo chako. Wewe umekonda bure, mwanangu, kwa sababu mumeo kakupa swali kilema nawe umelipokea kama zima. "Uliwaita watu au ulimwita mbuzi?" Wote hapo kambini mnauliza wewe ulikusudia nini, hakuna hata mmoja aliyeuliza wao walisikia nini. Moyo wako nani anauona isipokuwa Mola wako? Walichokiona watu wa Narsabad ni mwanamke kutoka jeshi la Waislamu kasimama chini ya lango lao mchana kweupe, anaapa kwa Mwenyezi Mungu, anasema shuka, hutaguswa. Wakaamini. Wakaacha kuta zao, wakaja na vitanda vyao. Mtu akishuka kwa kuliamini neno letu, neno hilo limetufunga. Wewe hebu fikiri, kama kusudio lililofichika lingetosha kuvunja amani, basi kila amiri angefuga mbuzi! Angewaita maadui washuke, wakishashuka anasema, ah, mimi nilikuwa naongea na huyu mwenye ndevu hapa. Nani duniani angetuamini tena? Sisi tuliofundishwa hata vitani tusimguse mtoto, wala mwanamke, wala mtawa aliyejifungia kwake, tusikate mtende wa watu wala tusifanye hiana, tuje tupate ngome kwa ujanja wa zizini?

Na usiseme wewe ni mpishi tu. Ahadi ya Waislamu ni moja. Akiitoa mdogo wao kuliko wote, mwanamume au mwanamke, imewabana wote mpaka liwali. Waulize wazee hapo kambini, wanalijua vizuri sana, wanajifanya wamesahau kwa sababu ya mazulia.

Halafu, Lubaba, hivi barua yako umeisoma mwenyewe? Umejaza kurasa na mbuzi, na katikati yake umelipitisha jambo kubwa kama mtu anayepitisha chumvi. Bibi yule alikushika mkono akakuuliza waziwazi, hatuguswi? Nawe ukajibu ndiyo, mama, ndiyo, kaeni. Ukawapa maji. Hapo napo ulikuwa unaongea na mbuzi? Hapo uliongea na watu, uso kwa uso, na mkalimani katikati! Kwa nini hilo halimo katika yale uliyoulizwa mara arobaini? Kwa sababu wanaouliza hawataki kulisikia, na wewe umezoea kujibu unachoulizwa tu. Ukiulizwa kuhusu mbuzi, jibu kuhusu mbuzi, kisha usikae chini. Endelea.

Kwa hiyo hutasema uongo hata chembe. Simama useme: nilimwita mbuzi wangu, wakashuka watu, wakaniuliza kama wako salama, nikawaambia ndiyo, nikawapa maji, na amiri alipokuja akawakuta wageni wangu. Na useme kwa sauti ile ile aliyoisifu baba yako. Mama Nuwayra mwambie namshukuru kwa moyo wake mwema, ila ushauri asitoe tena.

Nimekwenda na barua yako kwa kadhi. Usishtuke, pale pa Burzini nilipafunika kwa kidole gumba, na kadhi ni mzee mwenye adabu, hakuniomba nikiondoe. Kwanza alikuwa ameisoma barua ya amiri Jarwal. Ndefu, nzuri, ina "mbuzi" mara kumi na tisa, na haina "maji" hata mara moja. Kadhi akaniuliza, "Maji waliyapata wapi?" Nikamwonyesha kwako. Akaisoma, mabega yanamtikisika, nadhani alikuwa amefika kwa kuku. Kisha akaandika, na liwali akatia muhuri jioni ile ile: watu wa Narsabad wako katika amani, wao na wana wao na mali yao. Watarudi kwao, watatoa kodi kama wenzao wa bondeni wanavyotoa, na kitakachopotea kwao, hata jogoo, amiri atakilipa kutoka mfukoni mwake. Barua hiyo iko kwenye mkoba ule ule wa mpanda ngamia. Lakini amri ya liwali haikuondolei wewe kusimama na kusema. Amiri akiisoma peke yake hemani anaweza kuichelewesha siku tatu, na siku tatu kwa watu wenye hasira ni nyingi. Isomwe mbele ya wote, na wewe uwepo.

Fundi Kurayb mwambie, kadhi anasema hata kama ahadi yenu ingekuwa batili, msingeruhusiwa kuwagusa hapo walipo. Mngewajibika kuwarudisha ndani, salama, na maji yao, wafunge lango wenyewe ndipo muanze upya. Akifika hapo macho yatamng'aa. Basi mwambie haraka kwamba si batili, kisha mtafutie mlima usio na watu arushe jiwe lake huko, maana mtu akijenga kitu siku arobaini moyo wake lazima utulie. Hujayr naye awaendee rafiki zake mmoja mmoja akawaambie, nilikugawia kisichokuwa changu. Aseme mwenyewe. Usimsaidie. Na akirudi na mdomo umevimba kwa hasira, mpe hivyo vitunguu vya siki.

Sasa lile ulilolificha mwisho.

Uliwaombea maangamizi usiku aliokufa Wahb. Ni haki yako ulie, na mtu anayelia husema mengi. Lakini adhuhuri ile waliposhuka na midomo iliyopasuka, mkono wako ulifungua viriba vyote viwili. Mola wako ameona yote mawili, na mimi nadhani unajua lipi limekushinda nguvu.

Burzini alipiga mshale siku ya vita, akiwa juu ya ukuta wake, na watu wako wakimpiga yeye. Baada ya amani damu ile haina kisasi. Hiyo ndiyo kazi ya amani, Lubaba. Hatuifanyi na jirani anayekuletea mchuzi. Tunaifanya na mtu aliyekuliza, na ndiyo maana ni nzito na ndiyo maana mnatafuta mbuzi wa kusingizia. Wewe mwenyewe hapo ulipo unaitafutia upenyo, usijidanganye. Ulipomwambia Burzini "sijui" hukuwa unamhurumia, ulikuwa unabaki na neno la kumtumia baadaye. Litoe. Mwite Shaburi, mwambie Burzini: mtu yule alikufa, jina lake Wahb, alikuwa shemeji yangu, nawe uko katika amani yangu. Kisha mwambie aache kufagia mlangoni kwako na awe wa kwanza kupanda kurudi ngomeni, kabla habari haijafika hema la tatu. Mama Wahb ataambiwa, lakini si leo, na ataambiwa na Hujayr mwanawe, si na wewe.

Kwake yeye nenda leo. Usiende na maneno ya dini, atayasikia akiwa tayari. Usimwambie asamehe. Hakuna aliyeamrisha mama ampende aliyemuulia mwanawe. Tumeamrishwa tusimguse, basi, na hilo peke yake linamtosha mtu mzima kulibeba. Mpikie ule uji wa shayiri wa msibani, utie maziwa na asali, uchekeche unga kwanza maana nimeambiwa una mchanga. Keti karibu naye. Akiwatukana watu wa Narsabad, sikiliza. Akikutukana wewe kwa kuwaleta, sikiliza pia, usijitetee. Akilia usimnyamazishe. Akisukuma bakuli, lisogeze tena, kidogo, bila kusema kitu.

Usiondoke hapo mpaka ale.